Roboti ya kupiga deki inapogoma

Neno deki, tulilolipata kutoka Kiingereza ambako maana yake ni sitaha ya meli, siku hizi latajwa pamoja na roboti. Mashine hiyo inaposimama katikati ya chumba, wengi hudhani mota imekufa. Mara nyingi imepofuka tu. Chini ya tumbo lake mna vihisi vinavyotupa sakafuni mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kungoja urudi. Usiporudi, mashine huhesabu kwamba imefika ukingoni mwa ngazi, nayo hukataa kusonga. Utando wa sabuni juu ya vihisi hutosha kuleta hitilafu hiyo. Hata vigae vyeusi, ambavyo humeza mwanga, vyaweza. Basi izimwe kwanza, tangi la maji liondolewe, ndipo vihisi vifutwe kwa kitambaa laini kikavu. Nywele zilizojisokota magurudumuni zikatwe. Isipowaka kabisa, vitazamwe vile vipande vya chuma vinavyopokea umeme wa kuchajia, kwani uchafu huzuia mkondo. Lakini betri ya lithiamu iliyovimba, au iliyoingiwa na maji, isichajiwe tena wala isifunguliwe: yaweza kulipuka moto. Hapo aitwe fundi.