Fistula: Tundu huzibwa, ndoa nayo yahitaji tiba

Na Mwandishi Wetu, Ntinda

KUTOKA soko la Ntinda hadi Mulago ni safari fupi ya teksi. Kwa mama mwenye fistula, safari hiyo ni ndefu mno. Atakaaje katika gari lililojaa watu huku mkojo ukimtoka bila kukoma?

Fistula hutokana zaidi na uchungu wa kuzaa uliochukua muda mrefu bila msaada. Kichwa cha mtoto hukibana kibofu kwenye mfupa wa nyonga, nyama hukosa damu na kufa, tundu likabaki. Mashariki mwa Kongo, wengine waliipata kwa kubakwa vitani. Dk. Denis Mukwege, ambaye amewatibu wengi katika hospitali ya Panzi, Bukavu, alitunukiwa Nobel ya Amani mwaka 2018.

Habari njema ni kwamba tundu hilo mara nyingi huzibika kwa upasuaji. Lakini mpira wa mkojo ukishatolewa na mama akaruhusiwa, kazi ya nyumbani ndiyo huanza.

Madaktari hushauri wanandoa wasikutane kimwili kwa miezi 3. Mume asiyeelezwa huona ananyimwa haki yake. Mke anayeogopa kuachwa hukubali mapema, na mshono huweza kufumuka.

Aidha, yapo majeraha ya moyoni. Aliyekimbiwa na majirani kwa sababu ya harufu huweza kujiona mchafu hata akiwa mkavu. Makovu nayo huweza kulifanya tendo la ndoa liume. Mke akijivuta kwa maumivu, mume hudhani hapendwi. Wasipozungumza, kila mmoja hubaki na dhana yake.

Kwa hiyo, mama akiridhia, mume naye aitwe hospitalini kabla mkewe hajaruhusiwa, aelezwe yote. Shirika la TERREWODE la Soroti, lililoanzishwa mwaka 1999 na kufungua hospitali yake mwaka 2019, huunganisha matibabu na ushauri nasaha.

Kina mama wa Busia, Malaba na Mpondwe wakumbuke pia kwamba magunia yangoje hadi daktari aruhusu. Mimba ikija, wajifungulie hospitalini, kwa kawaida kwa upasuaji.

Nanyi waume, miezi 3 si adhabu. Ni sehemu ya dawa, na ninyi ndio mnaoishika.