Matumizi ya Akili Unde katika Utabiri wa Mvua za Kupita Kiasi Afrika Mashariki: Ushirikiano wa ICPAC na Chuo Kikuu cha Oxford

Kati ya vuli ya 2020 na vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa haba katika maeneo makubwa ya Kenya, Somalia na Ethiopia. Vuli ya 2023 ikaleta mafuriko katika baadhi ya maeneo hayo hayo. Mageuko ya namna hii huufanya utabiri kuwa suala la uhai na riziki. Makala haya yanaeleza namna akili unde inavyotumika kuuboresha utabiri huo, na kwa nini kazi hiyo haiwezi kufanywa na taasisi moja.

ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD kilichopo Kenya, huzihudumia nchi 11. Kituo hicho kinashirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na taasisi za hali ya hewa za Kenya na Ethiopia. Malighafi ya kazi yao ni utabiri wa kituo cha Ulaya, ECMWF.

Tatizo la msingi ni la kipimo. Modeli za dunia nzima huigawa anga katika miraba ya gridi, ilhali mawingu mengi ya mvua ya radi, kama yale yanayojengeka usiku juu ya Ziwa Victoria, ni madogo kuliko miraba hiyo. Hivyo, mvua yake hukadiriwa tu kwa kanuni.

Ili kusahihisha makadirio hayo, watafiti hutumia mitandao-neva miwili inayoshindana. Wa kwanza hupokea utabiri wa ECMWF na kubuni ramani ya mvua. Wa pili huipima ramani hiyo kama inafanana na mvua iliyoonwa na setilaiti. Mtandao wa kawaida, unaofunzwa kupunguza kosa la wastani, huelekea kuifuta mvua kubwa kwa kutabiri kiasi cha katikati. Mitandao inayoshindana huzalisha ramani nyingi zinazowezekana, na kutokana nazo hupatikana uwezekano wa mvua kuvuka kiwango cha hatari.

Hata hivyo, mbinu hii ina mipaka miwili. Kwanza, matukio ya kupita kiasi ni machache kwa asili yake. Kumbukumbu za setilaiti za IMERG zinazotumika kuifunza mitandao zilianza baada ya mvua za El Niño za 1997. Kwa hiyo, mitandao haikupata kujifunza kutokana na tukio hilo kubwa. Pili, kipimo cha setilaiti chenyewe ni makadirio, na katika nyanda za juu huweza kupungukiwa. Mtandao uliofunzwa kwa kipimo chenye kasoro hurithi kasoro hiyo.

Hapo ndipo vipimamvua vya ardhini, vinavyosimamiwa na taasisi za kitaifa, vinapokuwa na uzito sawa na kompyuta. Bila rekodi zake, kosa lililorithiwa kutoka setilaiti haliwezi kutambuliwa.

Kwa hiyo, ubora wa mbinu hii haupaswi kupimwa kwa wastani wa makosa pekee. Kigezo kinachofaa zaidi ni mafuriko mangapi yalitabirika na tahadhari ngapi zilitolewa bure, kwa kuwa msaada unaotangulia maafa hutegemea yote mawili.