Safari ya bia wakati wa vakansi: tuipange kabla ya kuvuka barieri



Vakansi kubwa imekaribia, na katika vikundi vyetu vya likelemba limezuka neno ambalo zamani tungelicheka. Baadhi ya waume wanataka safari ya familia mwaka huu iwe safari ya bia: kwenda kuona inapotengenezwa, kuonja za majirani, kukaa jioni kwenye buveti za miji mingine. Wamama wengine walikataa palepale. Wengine walinyamaza, na kunyamaza si mpango, maana nyuma ya Agosti kuna Septemba. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sare na madaftari vinanunuliwa, na minervali ya sekondari inatungoja. Kwa hiyo tulichukua karatasi na kalamu, tukaitazama safari yenyewe kama inafaa.

Tumeona inafaa, mradi tunachokwenda kutazama kiwe kazi ya watu na si chupa peke yake.

Kazi hiyo inaanzia hapa kwetu. Watoto wetu wanaona kasiksi kila soko lakini wachache wanaweza kueleza inavyopatikana. Waonyesheni kabla ya safari. Ndizi zinafunikwa zivundikwe siku kadhaa mpaka ziwe laini, zinakamuliwa pamoja na nyasi, maji yake yanachujwa. Hapo ni mutobe, utamu mtupu, hata mtoto anakunywa. Ukitia unga wa mtama uliokaangwa na kuuacha siku moja hadi tatu, chachu inakula sukari na kuigeuza kilevi na hewa, ndiyo ule mpovu unaouona. Kiwandani ni jambo lilelile kwa mashine: shayiri inaoteshwa, inakaushwa, inapikwa, inapozwa, kisha chachu inaachiwa kazi yake. Mtoto aliyeona shimo la ndizi la nyanya yake ataelewa pipa la chuma la mzungu bila shida.

Tukivuka barieri ya Bunagana, Kisoro iko karibu, na mbele yake ni Kabale. Huko mtama ndio mwenye nyumba. Bushera wanaipa hata watoto ikiwa bado mpya. Ikikaa siku chache inakuwa kali. Muramba ni pombe kamili, ya wakubwa. Kwa mama anayeuza pombe ya kienyeji hii ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote: aulize mtama unanunuliwa wapi, unaoteshwa siku ngapi, mabaki yanalisha nguruwe wa nani. Na mtama huohuo umeingia kiwandani. Tangu 2002 Nile Breweries ya Jinja inatengeneza bia iitwayo Eagle kwa mtama wa wakulima wa Uganda badala ya kutegemea shayiri ya kununua nje. Wakulima wa huko walipata soko jipya kwa kitu walichokuwa wakilima tangu zamani. Kikundi chetu kinacholima mtama kingefaidika kulisikia hilo kwa masikio yake.

Kutoka Kisoro kuna barieri nyingine, Cyanika, inayoingiza Rwanda. Unapita Musanze, unashuka mpaka Gisenyi kwenye ziwa. Kiwanda cha Bralirwa kiko hapo tangu 1957. Cha kuwaonyesha wanafunzi ni historia ya moto wake: kuanzia miaka ya 1960 kilichemsha maji kwa gesi ya metani iliyotolewa chini ya Ziwa Kivu, pale Cap Rubona. Ndilo ziwa lile ambalo Goma wanachota maji! Sisi walimu tunafundisha gesi hiyo ubaoni kwa chaki tu. Lakini msijitokeze getini kwa ghafla. Andikeni barua mapema, muulize kama wanapokea wageni na watoto wa umri gani.

Waliotaja Bukavu tunawaambia wangoje. Primus ni bia yetu, ilianza Kinshasa mwaka 1926, na kiwanda cha Bukavu kimelisha watu wengi. Lakini Juni 2025 kampuni ya Heineken, iliyokuwa na Bralima wakati huo, ilitangaza kwamba imeondoa wafanyakazi wake Bukavu na Goma kwa sababu ya vita. Tusiuze ndoto.

Na wenye ndugu Ubelgiji wajue kwamba huko bia inahesabiwa urithi: UNESCO iliandika utamaduni wa bia wa Wabelgiji kwenye orodha yake mwaka 2016, na watawa wa Orval na Westmalle bado wanatengeneza ya kwao. Hiyo ni safari ya mfuko mwingine.

Tuje kwenye meza. Buveti si mahali pabaya kwa asili yake. Ukikaa Gisenyi saa kumi, sahani ya sambaza za kukaanga katikati, baba na Primus yake, mama na Fanta au na bia yake kama anapenda, watoto wakitazama ziwa, hiyo ni vakansi. Saa moja usiku watoto waondoke, na mmoja wa wazazi aondoke nao. Isiwe mama kila siku. Hesabu ni hii: chupa ya sentilita 72 yenye kilevi cha asilimia 5 ina sentilita 3.6 za kilevi safi; chupa tatu zinapita 10. Mwenye mimba asionje hata kidogo, na mwenye kuendesha motokari au pikipiki vilevile. Kanyanga isiyojulikana imepikwa na nani tuiache ilipo.

Fedha zigawanywe bahasha tatu. Ya minervali haisafiri. Inabaki kwa mweka hazina wa kikundi, na baba na mama wote wawili watie sahihi. Ya pili ni ya njia na malazi. Ya tatu ni ya meza, na ikiisha imeisha, bila kuazima kwa ile ya pili. Mtabadilisha franka za Kongo kuwa shilingi za Uganda, kisha kuwa franka za Rwanda, na kila mara mbadilishaji anakata chake. Badilisheni mara chache, kwa hesabu iliyoandikwa.

Karatasi za kuvuka, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na ruhusa za watoto ziulizwe ofisi ya uhamiaji wiki mbili kabla. Wanaotaka kwenda pamoja walete majina kwenye mkutano ujao. Barua ya Gisenyi tutaiandika siku hiyohiyo, na aliye na mwandiko mzuri ajitolee.