Kivumbasi cha Kibaha, kivumbasi cha Kisarawe: kipi kinaua bakteria?

Ukifuata barabara ya Morogoro kutoka Dar es Salaam hadi Kibaha, au ukipanda vilima vya Pugu kuelekea Kisarawe, kivumbasi utakiona kando ya njia, pembezoni mwa mashamba na nyuma ya nyumba, mara nyingi bila mtu aliyekipanda. Watu wa Pwani wanakijua vizuri. Mwenye mafua hujifukiza kwa majani yake, anayeumwa tumbo hunywa maji yaliyochemshiwa majani hayo, na matawi huwekwa chumbani kufukuza mbu. Siku hizi kipo pia kwenye chupa za mafuta na za dawa ya kikohozi, na muuzaji hukuambia kwa uhakika kuwa kinaua bakteria.

Huenda ni kweli. Lakini ni kitu gani hasa ndani ya jani kinachowaua bakteria, na mnunuzi atajuaje kwamba kitu hicho kimo katika chupa aliyoishika mkononi?

Jina la kisayansi la kivumbasi ni Ocimum gratissimum, ingawa maandishi mengi ya Tanzania yanakiita Ocimum suave, jina ambalo wataalamu wa mimea sasa wamelijumuisha humo. Kipo pia kivumbasi kingine kidogo, Ocimum americanum, chenye kemia tofauti, na wachumaji wengine huvichanganya. Ukisugua jani la kile kikubwa katikati ya vidole, mara nyingi utapata harufu inayokaribia ya karafuu. Mwaka 1981 watafiti Joan Chogo na Gerald Crank walichapisha uchambuzi wa mafuta ya mmea huu wa Tanzania, na wakaonyesha kwamba sehemu yake kubwa ni yujenoli. Ni kemikali ileile inayoyapa mafuta ya karafuu ya Pemba na Unguja harufu yake, na ileile ambayo waganga wa meno wameitumia kwa miaka mingi kutuliza maumivu. Yujenoli ni ya jamii ya fenoli. Inapomfikia bakteria hujipenyeza katika utando unaoizunguka seli yake, utando ukalegea na kutoboka, vilivyomo ndani vikavuja, na bakteria akafa.

Mtu mwenye haraka angeishia hapo na kusema jibu limepatikana. Lakini mimea hii haina nidhamu ya kiwandani. Ipo mimea ya aina hiihii, katika sehemu nyingine za Afrika, ambayo mafuta yake yamejaa thaimoli badala ya yujenoli, na mwonekano wa majani hautakuambia lolote. Hata mmea mmoja hubadilika kwa saa. Mwaka 1999 watafiti wa Brazili walitoa taarifa kwamba mafuta ya majani yaliyochumwa karibu na saa sita mchana yalikuwa na yujenoli asilimia 98, na ya majani yaliyochumwa karibu na saa kumi na moja jioni asilimia 11 tu. Asubuhi na jioni iliyozidi ni sineoli, kemikali tunayoijua zaidi kwa harufu ya mkaratusi. Kwa hiyo mchumaji anayetoka shambani saa sita na mwenzake anayetoka jioni wanaweza kuleta sokoni dawa mbili tofauti, zote zikaitwa kivumbasi.

Ongeza hapo mahali. Kibaha kuna maeneo mengi ya kichanga, tambarare, yaliyo wazi kwa jua. Kisarawe kuna vilima, mabonde na vivuli vya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Udongo, mvua, umri wa mmea, kama umetoa maua au la, kama majani yalianikwa kivulini au juani: vyote hivyo vina uwezo wa kubadilisha kiasi na muundo wa mafuta. Ndiyo maana mtafiti makini hachumi sehemu moja akaridhika.

Hapa ndipo linapoingia suala la kiashiria cha ubora. Kiashiria ni kemikali moja au chache ndani ya mmea zinazoweza kupimwa katika kila pipa la dawa, ili ijulikane kama dawa hiyo ni yenyewe na ina nguvu inayotakiwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuchagua viashiria vya dawa za mitishamba mwaka 2017. Vipo viashiria vinavyosaidia tu kuutambua mmea, na vipo vile ambavyo vyenyewe ndivyo vinavyofanya kazi ya kutibu. Kwa dawa inayotangazwa kuwa inaua bakteria, kwa maoni yangu, hiki cha pili ndicho pekee kinachostahili. Kemikali iliyo nyingi kuliko nyingine haithibitishi chochote kama haijaonekana ikiua.

Inatafutwaje? Majani huwekwa kwenye chombo chenye maji yanayochemka; mvuke hupanda na mafuta, hupozwa, na mafuta hujitenga na maji yakakusanywa. Kisha hupitishwa katika mashine ya kromatografia ya gesi, inayozitenganisha kemikali zake moja moja na kuonyesha kila moja ina asilimia ngapi. Sehemu nyingine ya mafuta hupelekwa kwa bakteria. Kisahani cha plastiki chenye vishimo 96 hujazwa chakula cha bakteria na mafuta yanayopunguzwa nusu kwa nusu kutoka kishimo hadi kishimo. Kwa kuwa mafuta hayachangamani na maji, huongezwa kiyeyushi, nacho lazima kipimwe peke yake ili isije ikawa ndicho kilichoua. Pembeni huwekwa antibiotiki inayojulikana, kama jentamisini, kwa kulinganisha. Baada ya usiku mmoja hutiwa rangi maalumu: palipo na bakteria hai panageuka pekundu, palipo kimya panabaki bila rangi. Kishimo chenye mafuta machache zaidi ambacho bado hakijawa chekundu ndicho kinachotaja nguvu ya mafuta hayo.

Kazi haijaisha. Kila kemikali inayoshukiwa hupimwa peke yake ikiwa safi, halafu sampuli za Kibaha na za Kisarawe, za masika na za kiangazi, zinalinganishwa. Kama kila yujenoli inapopungua nguvu nayo inapungua, kiashiria kimepatikana. Kama nguvu inabaki palepale, mtafiti arudi kutafuta kemikali nyingine, au mchanganyiko wa kadhaa zinazosaidiana. Tofauti ya sampuli, ambayo mfanyabiashara angeiona kero, ndiyo inayompa mtafiti jibu.

Wengine wamekwisha kufika huko. Kanuni za dawa za Ulaya zinataka mafuta ya karafuu yawe na yujenoli kati ya asilimia 75 na 88. Na kwa upande wa kugeuza mmea kuwa bidhaa, karibu na kwetu wakulima wa kikundi cha Muliru kando ya msitu wa Kakamega, Kenya, wanalima Ocimum kilimandscharicum, ndugu wa kivumbasi mwenye kafuri, na kutengeneza dawa ya kupaka iitwayo Naturub.

Nguvu ya maabara isitupumbaze. Kuua bakteria wa majipu, Staphylococcus aureus, kwenye kisahani si kuponya jipu la mtoto. Bakteria wa aina ya Pseudomonas wana utando wa nje unaowakinga, na mafuta mengi huwashindwa. Na mafuta haya yaliyokolea si chai ya majani: yujenoli nyingi ikimezwa huumiza ini, na kwa watoto wadogo hatari ni kubwa zaidi. Haja ya dawa mpya ni ya kweli, kwani mwaka 2019 pekee usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Haja hiyo haimpi mtu ruhusa ya kuuza kubahatisha.

Tanzania ina pa kuanzia. Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974, na leo ni Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS). Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, na Baraza lake husajili waganga na dawa. Ninaloliomba kwa Baraza ni hili: dawa yoyote ya kivumbasi inayodai kuua bakteria itaje kwenye lebo aina ya mmea, mahali na mwezi wa kuchuma, na kiasi cha kiashiria kilichopimwa. Nawe msomaji, ukiuziwa chupa isiyotaja hata kimoja kati ya hivyo, uliza kabla ya kulipa. Na kama una kidonda chenye usaha au homa isiyoshuka, nenda kituo cha afya.