Stakabadhi Inapotolewa Kabla Mzigo Haujafika

Makatibu wa vyama wanafahamu kwamba mkulima haondoki mizanini bila stakabadhi. Kompyuta kuu za mabenki nazo zilifundishwa ukaidi huohuo.

Mwezi Septemba 1974 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza SNA, yaani utaratibu wa kuunganisha kompyuta kuu na mashine za makarani walioko matawini. Kila tawi liliitwa kwa zamu na kuulizwa kama lina neno. Kila ujumbe ulisubiri stakabadhi, na subira hiyo ilihesabiwa kwa sekunde. Stakabadhi isipopatikana, ujumbe ulirudiwa. Ukirudiwa mara kadhaa bila jibu, kiungo kilikatwa, na karani akajikuta ametolewa katikati ya hesabu ya mteja.

Katika waya wa simu uliokodiwa kwa kazi hiyo peke yake, mambo yalikwenda vyema. Shida ilizuka makampuni yalipochoka kulipia waya mbalimbali kwa kila tawi, yakataka shughuli zote zipite katika njia moja ya ruta, mitambo inayopeleka vifurushi vya habari kwa foleni. Faili kubwa likitangulia, ujumbe mdogo wa benki hukwama nyuma yake; stakabadhi huchelewa, na kiungo hukatwa ilhali hakuna kilichoharibika.

Dawa iliyoenea ni DLSw, ambayo maelezo yake yalichapwa mwaka 1993 na kurekebishwa mwaka 1995. Ruta iliyo karibu na tawi hutoa stakabadhi papo hapo, kisha huupeleka ujumbe kwa ruta ya upande wa pili kwa itifaki ya TCP, inayolinda mpangilio na kurudia kilichopotea njiani. Wito wa zamu nao hujibiwa hapohapo, hivyo miito mitupu haijazi tena njia ndefu. Nafuu hiyo si ndogo.

Lakini ruta hiyo imefanya kama karani wa kituo cha ununuzi anayetia sahihi kwamba mzigo umefika ghalani, nao ungali barabarani. Umeme wake ukikatika wakati huo, tawi linabaki na stakabadhi, na kompyuta kuu haina ujumbe. Kwa hiyo stakabadhi ya ruta haithibitishi hata kidogo kwamba fedha za mteja zimeingizwa. Uthibitisho huo hutolewa na programu ya hesabu iliyomo katika kompyuta kuu, nayo ndiyo ya kungojewa.

Mwaka 1998 zilichapwa kanuni nyingine, za Enterprise Extender, zinazobeba mazungumzo ya SNA kwa itifaki ya UDP. Humo stakabadhi hutolewa na mitambo ya SNA iliyoko ncha mbili za njia. Ruta za kati hupitisha tu.