Kijiko cha Mbele kwenye Trekta la Zamani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Matrekta mengi yanayofanya kazi katika mashamba yetu ni ya umri mkubwa. Massey Ferguson 135 na 165, pamoja na Ford 5000, ni miundo iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1960, na hadi leo yapo yanayolima, yanayovuta matela na yanayobadilishwa mikono kutoka kwa mmiliki mmoja hadi mwingine. Wamiliki wengi hutamani kuyaongezea kijiko cha mbele ili yapakie samadi, mchanga, kifusi na magunia, kazi ambayo vinginevyo huhitaji vibarua wengi au kukodi mtambo.

Tamaa hiyo ina msingi. Hata hivyo, kijiko kilichofungwa vibaya kinaweza kuliharibu trekta lenyewe kwa kiwango ambacho gharama ya matengenezo hukaribia bei ya kulinunua. Mara nyingi chanzo cha madhara si ukubwa wa bakuli wala nguvu ya injini, bali ni mahali ambapo fremu ya kijiko imeshikizwa. Sura hii inaeleza jinsi aina za ufungaji zinavyotofautiana, sehemu gani za trekta huumia, na mnunuzi adai nini kabla ya kutoa fedha.

Trekta lisilo na chasisi

Lori lina chasisi: vyuma viwili virefu vinavyobeba injini, giaboksi na bodi. Matrekta mengi ya zamani hayana chasisi ya namna hiyo. Tangu Fordson ya mwaka 1917, watengenezaji wengi walichagua kuunganisha injini, kasha la klachi, giaboksi na kasha la ekseli ya nyuma kwa bolti, moja baada ya jingine, hadi vikawa uti wa mgongo wa trekta. Ferguson TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, lilijengwa hivyo, na warithi wake wa Massey Ferguson wakafuata njia hiyohiyo.

Muundo huo ni mwepesi, na kwa kazi ya kulima unatosha. Jembe huvuta kutoka nyuma, na makasha hayo yamepimwa kwa mvuto wa namna hiyo. Lakini makasha yenyewe ni ya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichomiminwa kwenye kalibu. Chuma hicho hustahimili vema kubanwa, ila hakipendi kupindwa wala kupigwa ghafla. Hakikunji kwanza kama bati ili kumwonya mwenyewe, hupasuka.

Kijiko cha mbele huleta nguvu ambayo mhandisi wa trekta hilo huenda hakuikusudia. Bakuli likijaa, pua ya trekta husukumwa chini. Dereva akibonyeza bakuli ardhini ili kukwangua, magurudumu ya mbele huinuka na nguvu hugeuka upande wa pili. Mzunguko huo wa juu na chini hurudiwa mara nyingi kwa siku, na kiungo kinachoupokea kwa ukali zaidi ni kile kilicho kati ya injini na kasha la klachi. Bolti hulegea, nyuzi za matundu huliwa, kisha ufa huanza. Ufa ukiendelea, trekta linaweza kukatika vipande viwili likiwa kazini.

Aina tatu za ufungaji

*Ufungaji mfupi wa mbele.* Vishikizi hufungwa kwenye mhimili wa ekseli ya mbele na ubavuni mwa injini peke yake. Ni rahisi kutengeneza na ni bei nafuu. Nguvu yote ya kijiko huishia kwenye injini, kisha hupita katika kiungo cha klachi kuelekea nyuma. Katika baadhi ya matrekta hata sampu ya oili iliyo chini ya injini ni sehemu ya uti huo wa mgongo, hivyo nayo hubeba mzigo na inaweza kupata ufa na kuvuja. Ufungaji huu haufai kwa kazi ya kuchimba au kukwangua. Ukitumika, uwe kwa mizigo myepesi tu.

*Ufungaji wa katikati.* Nguzo za kijiko husimama kwenye kasha la klachi au giaboksi, na mhimili mwingine huenda mbele hadi kwenye ekseli. Hapa kiungo cha injini na klachi huzungukwa na fremu kwa pande zote mbili, jambo ambalo ni jema. Udhaifu hubaki pale nguzo zinapomalizikia: ikiwa hakuna kitu kinachoenda nyuma zaidi, mkazo huhamia kwenye kiungo kinachofuata, kati ya giaboksi na kasha la ekseli ya nyuma.

*Fremu ndefu.* Vyuma viwili hupita kila upande wa trekta kuanzia mbele ya injini hadi kwenye makasha ya ekseli ya nyuma, na hushikizwa pia katikati. Kwa maneno mengine, trekta linapewa chasisi ambalo halikuzaliwa nayo. Nguvu za kijiko hupita ndani ya fremu hadi nyuma, na viungo vya makasha hupumzika. Kwa trekta la zamani linalokusudiwa kufanya kazi ya kijiko mara kwa mara, huu ndio ufungaji unaopendekezwa.

Fremu ndefu ina gharama zake. Huongeza uzito, huweza kuzuia mkono wa fundi kufikia chujio la oili au kirekebishi cha klachi, na klachi ikihitaji kubadilishwa, fremu hulazimika kufunguliwa kwanza kabla ya trekta kutenganishwa. Mnunuzi aulize mapema kazi hiyo itamgharimu nini.

Kile ambacho fremu haiwezi kuokoa

Wauzaji wengine husema kwamba fremu ndefu inaondoa matatizo yote. Kauli hiyo si sahihi. Fremu huokoa viungo vya makasha, lakini haiondoi hata kilo moja kwenye ekseli ya mbele. Hesabu ifuatayo inaonyesha sababu.

Tuchukue trekta la kilo 1,600, ambalo ekseli yake ya mbele hubeba kilo 600 na ya nyuma kilo 1,000. Umbali kati ya ekseli hizo ni mita 2. Bakuli linabeba kilo 500, na mzigo huo uko mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele. Kwa kanuni ya wenzo, ekseli ya mbele haiongezewi kilo 500 tu. Inaongezewa kilo 875, kwa sababu mzigo ulio mbele yake pia huinua sehemu ya nyuma. Sasa ekseli ya mbele inabeba kilo 1,475, na ya nyuma imebaki na kilo 625. Hapo uzito wa kijiko chenyewe haujahesabiwa.

Matokeo yake yanaonekana haraka. Usukani usio na msaada wa haidroliki huwa mzito mno. Kingpini, bushi na beringi za magurudumu ya mbele huliwa. Tairi nyembamba za mbele, zilizokusudiwa kuongoza tu, hubonyea. Nyuma nako magurudumu hupoteza mshiko, na kwa kuwa breki za matrekta haya ziko kwenye magurudumu ya nyuma, uwezo wa kusimama kwenye mteremko hupungua.

Dawa yake ni uzito wa kusawazisha unaofungwa kwenye mikono ya nyuma ya kubebea jembe. Tukiweka kilo 400 mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli ya mbele hupunguziwa kilo 200 na kubaki na 1,275, wakati ya nyuma hupanda hadi 1,225. Kujaza maji katika tairi za nyuma husaidia mshiko na uthabiti, lakini hakupunguzi mzigo wa ekseli ya mbele, kwa sababu uzito huo umekaa juu ya ekseli ya nyuma yenyewe na si nyuma yake. Mnunuzi asikubali kimoja badala ya kingine.

Haidroliki na klachi

Katika matrekta mengi ya jamii ya Ferguson, pampu ya haidroliki iko ndani ya kasha la nyuma na huendeshwa na mfumo wa PTO. Kama klachi ni ya hatua moja, dereva akikanyaga pedali pampu nayo husimama, na kijiko hakipandi. Klachi ya hatua mbili hupunguza tatizo hilo. Aidha, pampu hiyo hutumia oili ileile ya giaboksi. Silinda za kijiko zikijaa, kiwango cha oili ndani ya kasha hushuka, na uchafu unaoingia kupitia mipira ya kijiko huweza kufika kwenye gia. Kwa sababu hiyo vijiko vingi hufungwa pamoja na pampu ya pekee inayoendeshwa na injini kutoka mbele, yenye tangi lake la oili. Mnunuzi ajue bei aliyotajiwa inajumuisha ipi.

Kazi ya kijiko ni ya kwenda mbele na kurudi nyuma bila kukoma. Klachi iliyochakaa haitaihimili muda mrefu, hivyo ikaguliwe kabla ya kufunga fremu, si baada ya hapo.

Mambo ya kukagua

Kabla ya kulipa, mnunuzi amwombe fundi asiyehusika na muuzaji akague mambo haya:

1. Trekta lisafishwe kwa maji na sabuni, kisha maungio ya makasha yaangaliwe kama yana nyufa, michirizi ya oili au dalili za kuchomelewa zamani.
2. Fremu ishikizwe kwenye matundu ya bolti yaliyowekwa na mtengenezaji wa trekta. Isikubalike kutoboa matundu mapya kwenye makasha wala kuchomelea fremu juu ya chuma cha kusubu.
3. Ekseli ya mbele ibembee kwa uhuru kushoto na kulia bila kugonga fremu, na magurudumu yakate kona hadi mwisho.
4. Kingpini, bushi, beringi na tairi za mbele ziwe katika hali njema, na tairi ziwe na uwezo wa kubeba mzigo uliokadiriwa.
5. Kijiko kiwe na kibao au maandishi yanayotaja mtengenezaji, uzito wake na mzigo wa juu kinaoruhusiwa kuinua.
6. Bolti zote zikazwe kwa spana yenye kipimo, na zikazwe tena baada ya saa chache za kwanza za kazi.

Wakati wa kazi, bakuli libebwe chini karibu na ardhi. Bakuli lililoinuliwa juu huhamisha kitovu cha uzito, na gurudumu moja likiingia shimoni trekta hupinduka. Matrekta mengi ya zamani hayana fremu ya kumkinga dereva, hivyo ajali ya namna hiyo huua. Mzigo usishushwe kwa kasi na kusimamishwa ghafla, wala kisiki kisisukumwe kwa kona ya bakuli, maana nguvu hiyo hupinda fremu upande mmoja.

Haki za mnunuzi

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi anayemweleza muuzaji kusudi la bidhaa na kutegemea utaalamu wake ana haki ya kupata bidhaa inayofaa kwa kusudi hilo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Haki hizi huwa na nguvu zaidi zikiambatana na maandishi. Kwa hiyo mnunuzi ahakikishe kwamba stakabadhi au mkataba unataja aina na mwaka wa trekta, aina ya ufungaji, mzigo wa juu, kazi iliyokusudiwa na muda wa dhamana. Maneno kama “kijiko cha trekta, kimoja” hayatoshi kumtetea mtu yeyote baadaye.

Ushauri wa kitaalamu kuhusu zana za kilimo unaweza kutafutwa kwa afisa kilimo wa wilaya, au katika Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini (CAMARTEC) kilichopo Arusha. Ufa ukionekana baada ya kijiko kufungwa, kazi isimamishwe, picha zipigwe kabla ya kitu chochote kufunguliwa, na muuzaji ajulishwe kwa maandishi. Trekta lisichomelewe wala kutenganishwa kabla ya hatua hizo, kwa kuwa ushahidi wa chanzo cha ufa hupotea pamoja na matengenezo hayo.