Boti juu ya makaa

Jiko lenyewe si la ajabu. Kashikishi na Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, kila ua una mbaula lake, bati kuukuu lililotobolewa kwa misumari, na juu yake huwa kuna sufuria ya nshima, ugali wa huku, au birika la chai. Hili halikuwa na kitu juu. Lilikuwa chini ya tumbo la boti iliyoinuliwa kwenye magogo, turubai limeteremshwa pande zote mbili mpaka mchangani, mvua ya Januari inamwagika nje. Kijana mmoja amechuchumaa, anasukuma jiko kwa kipande cha nondo, shubiri moja, anangoja, kisha shubiri nyingine. Hapiki. Anakausha mbao.

Kila mwaka, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa upande wa Zambia wa Ziwa Mweru ili samaki wazaliane. Doria zinafahamika na manung'uniko yanafahamika, sitayarudia. Kilichonikaa kichwani ni kingine: miezi hiyo mitatu ndiyo pekee ambayo boti hukaa nchi kavu muda wa kutosha kutengenezwa, na ndiyo hiyo hiyo mkoa wa Luapula unanyeshewa vibaya sana. Kuanzia Mei hadi Septemba jua ni la bure na upepo ni mkavu, lakini nani atoe boti majini wakati inaingiza pesa?

"Wakati ya jua nikimwambia mwenye bwato alete, anacheka," anasema fundi wa boti hii, ambayo yeye huiita bwato. "Analeta mvula ikianza. Sasa itakauka namna gani?"

Vijana wanamwita Bashikulu, babu, ingawa nywele zake bado hazijaisha weusi. Amezaliwa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na Kiswahili chake ni cha Katanga. Kazi alifundishwa na mjomba wake, ambaye naye alijifunzia Kasenga, mji wa Kongo kando ya mto Luapula, enzi zile wafanyabiashara wa Kigiriki walipokuwa wakipeleka samaki wa Mweru na Luapula kwenye mji wa shaba, Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Aliomba nisiandike jina lake: wateja wake wanamjua, na wasio wateja hawana haja nalo.

Boti ni ya mulombwa, mti ambao Tanzania tunauita mninga. Mninga una sifa ambayo mafundi wa vyombo huipenda kuliko uzuri wa rangi yake: ukikauka hausinyai sana, ukilowa hauvimbi sana. Ndiyo maana boti hii, iliyokwisha kupita mikono ya wenyewe watatu, inafaa kuhangaikiwa. Mbao mpya za namna hiyo ni ghali, na zinazopatikana kwa urahisi ni za msonobari.

Kabla ya jiko kuwashwa, fundi aliigonga boti nzima kwa mpini wa nyundo. Alianza omo, ubao wa juu, akashuka, akarudi, sikio karibu kabisa na mbao. Palipo pazima mlio hutoka wazi, unarudi mkononi. Palipooza mpigo humezwa. Mara mbili alisimama mahali ambapo mimi sikusikia tofauti yoyote, akachora duara kwa kaa, akaendelea. Alipomaliza, karibu kila duara lilikuwa limezunguka kichwa cha msumari, na kila kichwa kilikuwa na doa jeusi pembeni yake. Akang'oa mmoja kunionyesha. Juu mzima, chini mzima, katikati umekonda kama kiuno cha nyigu.

"Mbao haina kosa," alisema. "Kosa ni ya musumari."

Yuko sahihi. Chuma kikiliwa na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko kilivyokuwa, na mbao iliyokibana hulazimika kupasuka. Kisha kutu hiyo hulainisha nyuzi za mti pembeni, maji yanapata njia, kutu inazidi. Mwenye boti huona uvujaji, ananunua lami, anapaka juu. Mwaka unaofuata ananunua lami zaidi.

Kazi ya Bashikulu ni kurudi nyuma hatua zote hizo. Misumari mibovu inatoka, matundu yanazibwa kwa vijiti vya mulombwa, mipya iliyopakwa zinki inapigwa pembeni kidogo, penye mbao nzima. Kalafati ya zamani inakwanguliwa mpaka mbao ionekane. Ndipo jiko linapoingia. Pamba ikishindiliwa kwenye mbao mbichi, na lami ya moto ikamwagwa juu, lami inashika unyevu tu, haishiki mti. Itabanduka kabla ya Pasaka. Ukizidisha moto nako kuna hasara: nyufa zinafunguka mno, unashindilia pamba nyingi, boti ikirudi majini mbao zinavimba na kuanza kusukumana zenyewe mpaka zinaachia mataruma, mbavu za boti. Kwa hiyo shubiri moja, halafu kungoja. Kipimo chake ni majivu. Ananyunyiza kidogo kwenye ufa, anapuliza. Yakiganda na kugeuka meusi, jiko linarudi palepale.

Niliwafikiria mafundi wa Lamu na Unguja, ambao bahari huwapandishia chombo na kuwashushia mara mbili kwa siku, na jua linafanya kazi ya jiko. Mweru haina maji kupwa na kujaa. Hapa ni magogo na watu wa kuvuta, na wavutaji hulishwa.

Mwenye boti ni mama anayeuza chisense, dagaa wa ziwa hili, na hakuileta ili izibwe tu. Anataka mashine ya farasi 15. Hesabu yake naielewa. Chisense huvuliwa usiku kwa taa na lazima waanikwe asubuhi. Boti ya makasia ikichelewa, jua la mchana halitoshi, mzigo unaharibika. Lakini boti hii imechongoka mbele na nyuma. Kufunga mashine ni kuikata tezi, kuweka ubao mpana na kuushikilia kwa mikono ya mbao, halafu kuning'iniza zaidi ya kilo 30 za chuma kinachotetemeka mahali palipobuniwa kubeba mtu mmoja mwenye kasia.

Na boti zote zikishapata mashine? Ziwa hili limewahi kumpoteza mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Luapula kwa makundi kutaga mayai na kukutana na nyavu njiani. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wake ulikuwa umeanguka. Nilimuuliza fundi kama hilo humsumbua.

"Mimi natengeneza bwato," alijibu. "Mambo ya samaki uulize Mungu ao serikali."

Siku niliyoondoka ubishi ulikuwa juu ya mataruma mawili ya nyuma. Fundi anataka yabadilishwe kabla ya mashine kufungwa, na hilo litampeleka hadi katikati ya Machi. Mama anasema ziwa linafunguliwa Machi 1, mashine ameshainunua, iko chini ya kitanda, na mataruma yatasubiri Desemba.